Mfuko Namba Tisini na Nane

Wewe ulikuwepo, usijifiche nyuma ya mwenzako. Ulikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, ukautazama mfuko ukidondosha tone, tone, tone kwenye mshipa wa mtu unayempenda, halafu ukainamia simu. Hukuuliza umechanganywa na nani. Hukuuliza umepimwa vipi. Ulijiambia wapo waliosoma, wao wanajua. Na siku ile nilipopita koridoni nimekumbatia mifuko miwili kama mwizi wa kuku, ulisogeza miguu nipite. Hilo ndilo ulilofanya, ulisogeza miguu. Nakukumbuka, hata viatu vyako navikumbuka. Kusahau sikujaliwa.

Basi sikiliza, na usinikatize, maana muda ni mfupi.

Mimi ni mwosha vyombo katika chumba cha kuchanganyia dawa cha hospitali. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Chuo sikwenda. Darasa langu ni sinki, na vitabu vyangu ni vile walivyovitupa walipohamia kwenye kompyuta. Niliviokota vimelowa, nikavianika juu ya boila, nikavisoma na kamusi pembeni, vingine mara tatu. Wananiita Profesa wa Sinki. Wacheke tu, kicheko hakichubui.

Wapo watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao, utumbo haujawa tayari hata kwa maziwa ya mama. Hao tunawalisha kwa mshipa. Miongoni mwa vinavyoingia mshipani ni asidi amino, yaani matofali ambayo mwili hujengea nyama yake, na peptidi, ambazo ni matofali hayo hayo yakiwa tayari yameshikanishwa mawili mawili au matatu. Vyote huja kama unga mweupe. Unga kilo tano, maji safi yanajazwa mpaka mstari wa lita hamsini, mashine inakoroga dakika arobaini, kisha inajazwa mifuko mia moja ya nusu lita, kila mmoja na namba yake. Ukimaliza, unachokiona ni maji. Macho yako na macho ya mkurugenzi wa hospitali yako sawa, yote hayaoni kitu.

Mizani ndiyo inayoona. Ukitia gramu mia za unga ule kwenye maji, maji hayapandi mililita mia, yanapanda kama sabini. Kila chembe ya asidi amino ina ncha mbili, moja chanya na moja hasi, na maji huzikimbilia ncha hizo yakabanana kuzizunguka, kama watu wanavyobanana kwenye benchi mgeni akitaka kukaa. Uzito umeongezeka mia, nafasi imeongezeka sabini. Kwa hiyo maji yenye unga ni mazito kuliko maji matupu, na uzito huo unakwambia ndani mna unga kiasi gani. Nusu lita yetu iliyochanganyika sawasawa ina gramu mia tano na kumi na nne, ukishatoa uzito wa mfuko. Namba hiyo naijua kama ninavyolijua jina la mama yangu.

Mkanda wa mashine ya kukoroga ulikatika Jumatatu, tarehe tatu, saa nne asubuhi. Niliandika kwenye daftari la matengenezo kwa mkono wangu. Fundi wa mitambo tunamwita Kesho, kwa sababu ndilo neno lake.

"Kesho, mkanda umekatika."

"Nimeuona, mama. Kesho asubuhi nauweka."

"Kesho ya mwezi gani?"

"Usinianze, Profesa. Stoo hawana saizi hiyo."

"Na leo watachanganya na nini?"

"Si unga unayeyuka wenyewe? Hata chumvi ukiiacha kwenye glasi inayeyuka." Akacheka. "Maji kuzidi unga ni shida za nyumbani kwako. Humu ndani ndivyo inavyotakiwa."

Mimi pia nilicheka, na najilaumu mpaka leo.

Mfamasia Mkuu akatoa amri yake: unga umwagwe, maji yajazwe, tangi lilale mpaka asubuhi, kila siku hivyo mpaka mkanda upatikane. Asubuhi alifungua kifuniko, akaona maji meupe kama kioo cha dirisha, akasema, "Imeyeyuka." Kweli ilikuwa imeyeyuka. Ila kuyeyuka siko kuchanganyika. Unga ulizama chini ukayeyukia huko huko, na maji mazito yakalala chini kwa uzito wake, mepesi yakakaa juu. Tangi likawa nyumba ya ghorofa, na hakuna aliyeiona ngazi.

Mrija wa kujazia mifuko hunyonya kutoka juu na kushuka kadiri maji yanavyopungua, kwa hiyo mifuko ya kwanza ilipata maji ya juu na ya mwisho ikapata ya chini. Bomba la sampuli, lile la kupimia, liko chini kabisa ya tangi. Na fomu ya kipimo ilikuwa na swali moja: uzito usipungue kiwango. Haikuuliza kama umezidi. Walipochota sampuli, uzito ukawa umepita kiwango mbali sana, wakaweka tiki wakaenda kunywa chai. Kwa siku kumi waliweka tiki hivyo.

Siku hizo kumi mimi nilikuwa likizo ya dharura. Binti yangu alikuwa amejifungua wiki ya thelathini, mtoto wa kiume, kilo moja na robo. Nilikuwa nakaa naye wodini mchana kutwa.

"Mwangalie mume wangu," nilikuwa namwambia. "Mume gani huyu, hata ndevu hana."

"Muache alale, mama. Unamchosha na maneno."

Siku hizo kumi mume wangu hakuongezeka hata gramu. Daktari alisema tumpe muda. Baadaye niliomba kuona namba za mifuko aliyopewa: namba nne, namba kumi na moja, namba saba. Yote ni ya juu ya tangi. Mtoto alikuwa analishwa maji.

Alhamisi nikarudi kazini. Saa tatu kasoro dakika kumi nilikuwa sinkini, na vyombo vya jana vilikuwa vinanisubiri. Katikati yake kulikuwa na bomba refu la kioo, bado lina sampuli ndani, na kile kipimo cha kioo kinachoelea, chembamba kama kalamu, chenye namba shingoni. Kwenye maji mepesi kipimo hicho huzama, kwenye mazito hunyanyuka. Miaka kumi na tisa nimekiosha, najua kinasimama wapi. Asubuhi ile kilikuwa kimesimama na shingo nje kama bata aliyesikia mbwa.

Nikafunga bomba la maji. Nikaenda kwenye rafu ya akiba, inakowekwa mifuko michache ya kila tangi, nikachukua namba tatu na namba tisini na sita, nikaiweka kwenye mizani ya kupimia unga. Namba tatu, bila uzito wa mfuko: mia tano na tatu. Namba tisini na sita: mia tano ishirini na tisa. Nikaifuta mizani, nikapima tena. Zikarudi zile zile. Lebo zilikuwa moja, tarehe moja, saini moja. Mmoja ulikuwa karibu maji matupu na mwingine ulikuwa na unga mara mbili ya ulioandikwa.

Nikatazama kwenye daftari la kutoa mifuko. Leo wodi ya watoto wachanga ilipewa miwili: tisini na saba na tisini na nane. Tisini na saba, mtoto wa kitanda cha kwanza, saa nne. Kitanda cha kwanza ni mume wangu.

Mfamasia Mkuu si mtu mbaya, na ndilo linalonikera zaidi. Ana sauti ya upole na miwani safi. Alikuwa mezani kwake anajaza fomu.

"Mkuu, mifuko ya jana isitumike. Ya mwanzo haina kitu, ya mwisho imezidi."

"Mama, karibu tena kazini. Mjukuu hajambo?"

"Mjukuu atatundikiwa namba tisini na saba saa nne. Ina unga mara mbili. Figo zake ni kubwa kama maharage, Mkuu."

Akaitazama mifuko mikononi mwangu, kisha akanitazama mimi. "Umeipima wapi?"

"Kwenye mizani yako."

"Chumba kile kina joto siku hizi. Maji yakipata joto yanatanuka, uzito wa nusu lita unapungua. Hilo nadhani umelisoma."

"Nimelisoma. Joto la chumba kile linapunguza gramu moja na kitu kwenye nusu lita. Hapa zimepungua kumi na moja. Na huu mwingine umezidi kumi na tano, nao joto limeupunguza au limeuongeza?"

Akavua miwani. "Tumebadilisha mchanganyiko mwezi huu. Tumeongeza peptidi, nazo ni nzito zaidi. Ndiyo maana kipimo kimepanda."

Hapo nilijua hajui. Mtu amekaa kwenye kiti hicho na hajui.

"Peptidi haifanyi hivyo. Asidi mbili zikishikana, ncha mbili zinapotea katikati, zinabaki mbili badala ya nne, kwa hiyo zinayabana maji kidogo kuliko zamani. Kama kuna tofauti ingekuwa ya unywele, tena ingekwenda upande wa wepesi. Na kama ni peptidi, mbona mfuko namba tatu hauna? Unga si ulikuwa mmoja?"

Akavaa tena miwani. Saa ya ukutani kwake ilisema saa nne kasoro dakika nane.

"Maabara imepitisha," akasema.

"Maabara imechota chini ya tangi."

"Andika malalamiko yako, uyalete. Nitaitisha kikao mchana. Siwezi kusimamisha tangi zima kwa neno la..." Akalimeza lililofuata. Akachagua jingine. "Kuna utaratibu, mama. Wewe osha vyombo, utaratibu tuachie."

"Kikao mchana, dawa saa nne?"

"Tafadhali nifungie mlango."

Nikaufunga. Kisha nikakimbia, na ndipo nilipokupita wewe koridoni.

Wodi ya watoto wachanga ina vitanda sita vya kioo na muuguzi mmoja wa zamu. Nilipoingia alikuwa amekwishautundika mfuko namba tisini na saba na mrija alikuwa anautoa hewa. Binti yangu alikuwa amesimama kando, mkono wake umepita kwenye tundu la kioo, kidole kimoja kimeshikwa na mtoto.

"Sista, usifungue."

"Mama, huruhusiwi kuingia na aproni ya huko."

"Usiufungue huo mfuko."

"Nimeandikiwa saa nne, na saa nne imefika. Toka nje kwanza, tutaongea."

Akashika kibano cha mrija kukilegeza. Mimi nikaushika mrija kwa vidole viwili, nikaukunja. Miaka kumi na tisa sijawahi kugusa kitu cha mgonjwa. Niliukunja mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Mama," binti yangu alisema kwa sauti ya chini, sauti anayoitumia akitaka kulia na hataki. "Mama, tutafukuzwa. Mtoto atapelekwa wapi? Achia."

"Siachii."

"Wewe kila mahali ni ugomvi. Shuleni kwangu ulikuwa hivi hivi. Sokoni hivi hivi. Hata hapa?"

"Hata hapa, mwanangu."

Muuguzi alinitazama vizuri. Alikuwa na weusi chini ya macho, na kalamu tatu mfukoni zote zimetafunwa. "Nina watoto sita na mikono miwili," akasema. "Nipe maneno kumi. Yakipita nawaita walinzi."

"Mifuko hii mitatu ina lebo moja. Ipime kwenye mizani ya watoto."

Sijui kama yalikuwa kumi. Alikwenda kuvuta mizani ile ya kupimia vichanga, akatandika karatasi juu yake kama desturi yake, akairudisha kwenye sifuri. Mizani hiyo husoma kwa gramu tano tano. Akaweka namba tatu niliyokuja nayo: mia tano ishirini na tano, pamoja na mfuko. Akaweka namba tisini na sita: mia tano hamsini. Akaushusha namba tisini na saba kwenye nguzo, mimi nikiwa bado nimeung'ang'ania mrija, akauweka: mia tano hamsini.

"Nusu lita ni nusu lita," akasema polepole. "Kwa nini..."

"Kwa sababu kilichomo si kimoja. Huu umebeba mara mbili."

Sikuhitaji kumweleza zaidi. Niliiona rangi ikimtoka usoni, na macho yake hayakuwa kwangu tena, hayakuwa kwa mjukuu wangu. Yalikuwa kwenye kitanda cha pili.

Mfuko namba tisini na nane ulikuwa umetundikwa kwa mtoto wa kitanda cha pili tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Alifika pale kwa hatua tatu. Akafunga kibano, akautoa mrija, akaweka mkono kifuani pa mtoto. Nami nikaona kutoka nilipokuwa: kifua kile kidogo kilikuwa kinapanda na kushuka haraka haraka, kama cha ndege uliyemshika kiganjani. Kwenye karatasi ya saa mbili muuguzi alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: anapumua haraka, anaangaliwa. Alimwita daktari kwa simu.

Mama yake mtoto huyo alikuwa nje anafua nguo. Aliingia na ndoo. Aliiweka ndoo chini, akasimama.

Mfamasia Mkuu akafika, pumzi juu, walinzi wawili nyuma yake. "Nani ameshusha mifuko?"

Nikafungua mdomo, muuguzi akanitangulia.

"Mimi," akasema. "Zamu ni yangu. Njoo usome mizani, Mkuu, halafu uwaambie hao warudi getini."

Akasoma. Akasoma tena. Alitoka, na mifuko ya wodini yote ikarudishwa, isipokuwa mmoja.

Mchana ule ule Kesho aliweka mkanda kwenye mashine. Aliukata kutoka kwenye mashine ya kufulia iliyokufa mwaka jana, akauunga, akaufunga. Dakika arobaini. Nilisimama nikamtazama mwanzo mpaka mwisho, na mara hii hakunitania.

"Mama, ningejua..." alisema.

"Ulijua mkanda umekatika."

"Nilijua ni mkanda. Sikujua ni mtoto."

Hilo mlitafune wenyewe, nyinyi mnaosema mnatengeneza mikanda tu, mnajaza fomu tu, mnasogeza miguu tu.

Mjukuu wangu anapewa mifuko iliyokorogwa. Jumanne aliongezeka gramu kumi na tano, jana ishirini. Mtoto wa kitanda cha pili alikufa Jumamosi saa tano asubuhi. Hakuwa amepewa jina. Kwenye cheti wameandika: kuzaliwa kabla ya wakati. Ameshtakiwa yeye mwenyewe, maskini, kwa kosa la kuharakisha kuja. Mimi nimepewa barua ya kusimamishwa kazi kwa kuingilia matibabu. Muuguzi amehamishiwa zamu za wodi ya mifupa. Na nyinyi nimewasikia mkinong'ona, funika kombe mwanaharamu apite. Safari hii chini ya kombe kuna maiti ya mtoto, na mama yake bado anakuja kila asubuhi kukaa kwenye ngazi za wodi kwa sababu hajui aende wapi.

Sasa nisikilize kwa makini. Kamati ya hospitali ya kuchunguza kifo hiki inakaa leo saa nane mchana. Nimeiona barua: mabaki yote ya tangi lile yateketezwe kabla ya kikao kuanza, kwa ajili ya usalama. Mfuko namba tisini na nane ndio ambao muuguzi hakuurudisha. Upo kwenye friji la wodi, una lebo, una jina la mama, na ndani yake zimebaki mililita mia tatu na zaidi. Uzito wa mfuko mzima hausaidii tena, kwa kuwa umetumika. Lakini ukivuta mililita hamsini kamili kwa bomba la sindano ukaziweka kwenye mizani ya unga, inayosoma mpaka nukta, kama zimechanganywa sawasawa lazima zisome gramu hamsini na moja nukta nne. Zikisoma hamsini na mbili nukta tisa, basi cheti kile ni cha uongo. Ni kazi ya dakika mbili. Ukishamwagwa kwenye sinki, hata mimi niliyeosha sinki hilo miaka kumi na tisa sitaweza kuthibitisha kitu.

Mimi getini hawaniruhusu. Muuguzi wanamchunga. Yule mama wanamwita "dada, nenda nyumbani ukapumzike". Wewe hawakujui, wewe unapita kama mgeni wa mgonjwa.

Saa hizi ni saa saba na robo. Inuka. Funga duka, mwachie jirani mtoto, mwambie bosi wako tumbo linauma. Mshike yule mama mkono kwenye ngazi, ingia naye wodini, simameni mbele ya friji, na msiondoke mpaka mizani ya unga iletwe na mililita hamsini zipimwe mbele yenu na namba iandikwe na kusainiwa. Wakikuuliza wewe ni nani, waambie ni ndugu wa mtoto. Nenda sasa.